Sanduku la Kula

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Mtu aliyezaliwa Pangani akaja kuolewa Kishapu, akaketi kwenye baraza la duka la watu akishona nguo za watu, asiposhuku ataponea wapi? Nimewahi kuletewa kitambaa cha suti kilichokwisha kutobolewa na panya, na mwenye kitambaa akaapa mbele ya wateja wangu kwamba panya ni wa kwangu. Kwa hiyo siku Pantaleo alipoingia uwanjani kwetu nilimtazama kama ninavyotazama kitambaa kilichokunjwa mno. Nikasubiri kikunjuliwe.

Alikuja na begi moja, randa aliyoiviringisha ndani ya fulana, na msumeno uliofungwa kwa mfuko wa saruji. Badrudin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo baraza lake ndilo ninaloshonea, alikuwa amempangisha kipande cha uwanja ubavuni, pale alipokuwa akitupa mabati yaliyopinda.

"Huyu umemtoa wapi?" nikamwuliza Badrudin.

"Ametoka machimboni, upande wa Geita. Seremala. Atanunua misumari kwangu, gundi kwangu, vanishi kwangu. Wewe una shida gani, Mama Klara?"

Shida yangu ilikuwa moja. Wanaume wote wa huku wakishavuna pamba ikawaangusha, huelekea Geita kutafuta dhahabu. Sasa huyu anaiacha dhahabu nyuma yake, anakuja kufuata mbao hapa kwetu Mhunze, mahali ambapo ukikutana na mti mkubwa unaupa shikamoo? Hapana. Mtu hakimbii panapong'aa bila sababu.

Sababu niliipata kwa Adam, dereva wa lori la mbao. Alinieleza kwamba Pantaleo ni mtu wa Rombo, alifika machimboni akiwa kijana, na kazi yake haikuwa kuchimba. Alikuwa akitengeneza matimba, yale magogo yanayopangwa kuzunguka kuta za shimo ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Siku moja akagoma kufunga matimba kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, la tajiri mmoja, akafungasha vitu vyake akaondoka. Hazikupita siku nyingi, duara likatitia. Bahati watu walikuwa wametoka kula.

"Sasa jiulize," Adam akasema, akinikonyeza. "Alijuaje?"

Nikajiuliza. Kule machimboni walikuwa wamekwisha kujiuliza, wakajijibu: aliyejua ndiye aliyefanya. Wakasema amelitia mkono. Mimi uchawi siuendekezi sana, lakini habari tamu hailali njaa. Kufikia jioni nilikuwa nimeigawa kwa kila aliyekuja kupunguza suruali.

Pantaleo alinyoosha yale mabati ya Badrudin akajiezekea kibanda, akaunganisha meza ya kazi kwa vipande vya mbao vilivyokataliwa, akaanza na vigoda. Vigoda vyake, lazima niseme kweli, havikuyumba. Ulikiweka kwenye ardhi yoyote, kikatulia. Watu wakaanza kuulizia stuli, kisha fremu za madirisha, kisha milango. Lakini namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kutia shaka hata kwa malaika.

Kwanza, alikuwa akigonga mbao. Adam akileta mzigo, Pantaleo huchukua ubao mmoja mmoja, akaubisha kwa kifundo cha kidole kama anabisha hodi, sikio limelala juu yake. Mbao nzuri tu, nyekundu, zilizonyooka, anaziweka pembeni. "Huu unadanganya," anasema. Adam alikuwa akitukana mpaka naziba masikio, na mimi si mtu wa kuziba masikio ovyo.

Pili, hakuwa akianza na futi. Mafundi wote ukifika na shida yako wanachomoa futi. Yeye anachomoa swali: "Kitabeba nini?" Unaagiza kabati, anakuuliza kitabeba nini. Unaagiza kitanda, vilevile. Kuna bwana mmoja wa Kolandoto aliagiza kitanda cha futi sita, alipoulizwa kitabeba nini akawaka: "Wewe unataka kujua nalala na nani?" Akaondoka, akaenda kwa fundi mwingine. Kitanda alichopewa huko kilivunjika chaga kabla ya Pasaka, akarudi kwa Pantaleo kimyakimya. Akajibu swali. Jibu silisemi hapa, mkewe ni mteja wangu.

Tatu, vumbi. Siku aliyoranda milango ya nyumba ya mchungaji, upepo ulilibeba vumbi lote la mbao ukalimwaga juu ya gauni jeupe la harusi nililokuwa nikilipiga pasi. Nilimwendea nikiwa na pasi mkononi. Nilimwambia maneno ambayo hata Adam angeyaandika akayahifadhi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, Mama Klara." Kesho yake nikakuta amesimamisha kiambaza cha mabanzi kati yake na mimi, kimebanana vizuri, vumbi halipiti.

Mwingine angeshukuru. Mimi nikajiuliza: anaficha nini? Kwa bahati banzi moja halikukaa sawasawa, basi nikawa naona.

Nilichokuwa nikikiona ni mtu anafanya kazi. Miezi ikaenda. Siku moja alileta suruali nimtilie kiraka gotini, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu nikamtupia: "Fundi, lile duara ulilititisha wewe?"

Alikaa kwenye kigoda chake mwenyewe, akavua kofia. "Mama Klara, yale magogo yalikuwa safi nje. Ndani mchwa walikuwa wamekula wakamaliza. Niliyagonga yakaniambia. Nikamwambia tajiri, tajiri akacheka, akaleta fundi mwingine. Sasa ningefanya nini? Nisubiri lititie watu wakiwa ndani ndipo niitwe mkweli?" Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakujificha. "Tangu siku hiyo kila kitu nakigonga. Na watu nawagonga kwa swali."

Nilimwonea huruma, nikamtilia kiraka bure. Lakini huruma ni kitu kimoja na kuamini ni kingine. Mwongo naye hulia.

Basi, ndipo akaja Mzee Maganga.

Mzee Maganga ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba ambacho mume wangu ni mwanachama. Ni mtu mwema, mnyoofu, na kama Wasukuma wengi wa rika lake, ulimi wake hauijui herufi ile inayonguruma. Kwake kila r ni l. Nilipoolewa huku nilicheka mpaka mama mkwe akanikataza. Baadaye nikazoea, nikaacha hata kusikia.

"Mwadila," alitusalimu kwa Kisukuma, maana jua lilikuwa limepinda.

"Shikamoo, mzee," akasema Pantaleo.

"Malahaba. Fundi, nataka sanduku la kula. La mkutano mkuu wa chama."

"Litabeba nini?"

Mzee Maganga akamshangaa. "Si nimeshasema? Kula! Kula ya wanachama wote."

"Wote siku moja?"

"Siku moja. Wanapanga msitali, mmoja mmoja. Safali iliyopita kulikuwa na wizi, fundi. Watu wamekaa juani kutwa, wakaludi nyumbani wananung'unika. Safali hii nataka kufuli. Na juu uweke tundu."

"Tundu la kiasi gani?"

"Jembamba. Mkono wa mtu usipite."

"Nimekuelewa, mzee," akasema Pantaleo, na ninathibitisha kwamba alielewa, kwa sababu na mimi nilielewa hivyohivyo. Habari za mkutano uliopita nani hakuzisikia? Ng'ombe mzima alichinjwa, nyama ikatokea mlango wa nyuma wa ghala kabla watu hawajapanga foleni, wanachama wakapewa wali wenye rangi ya nyama na harufu ya nyama na nyama yenyewe hakuna. Mume wangu alirudi nyumbani akadai ugali. Kwa hiyo sanduku la chakula lenye kufuli lilikuwa wazo la maana. Kwamba siku hiyohiyo watamchagua mwenyekiti, mimi ningejuaje? Silimi pamba.

Pantaleo alilifanya sanduku lile kama analifanyia mamaye. Mbele mninga. Ndani akalivika bati ili joto lisitoke. Chini, kwenye sakafu ya sanduku, akazungushia duara la mbao la kukalia sufuria isiyumbe. Juu mfuniko wenye kufuli, na kwenye mfuniko tundu jembamba, refu, ili mwiko ubaki ndani na mpini utoke nje. Mwiko wenyewe akauchonga kabisa, mpini wake bapa.

Nikiwa kwenye banzi langu nikamwuliza, "Na huko nyuma unafanya nini?"

"Mlango," akasema bila kugeuka. Alikuwa anajua siku zote kwamba nachungulia. "Mwizi huenda kwenye kufuli, Mama Klara. Basi kufuli nimeliweka mbele apoteze muda nalo. Mpishi atakuwa na mlango wake nyuma wa kupitishia sahani. Hauna bawaba ya nje, hauna mpini. Unaminya pembe ya chini, unafunguka. Wataujua watu wawili, mimi na mpishi."

"Na mimi je?"

"Wewe nionyeshe ulipo," akasema, akanigeuzia mgongo wa sanduku. Nikapapasa, nikakaza macho. Sikuuona. Mishipa ya mbao ilikuwa inapita moja kwa moja kana kwamba ule ubao haukuwahi kukatwa. Nikachukia, maana mimi uzi uliotoka kwenye mshono nauona nikiwa ng'ambo ya barabara.

Siku ya kulichukua, Pantaleo alikuwa amekwenda Samuye kufunga milango ya nyumba ya mtu. Aliniachia maagizo: "Akija mzee, mwambie mpishi aje anione kabla ya mkutano. Nimpe mwiko, nimwonyeshe na ule mlango." Mzee Maganga alifika na guta, akafungua mfuniko, akagonga lile bati la ndani, akafurahi. Akaligusa duara la sakafuni. "Ameliimalisha," akasema. Walipokuwa wanalifunga kamba nikafikisha ujumbe.

"Fundi amesema mpishi aje amwone. Ana kitu cha kumpa."

Mzee Maganga akasimama na kamba mkononi. "Mpishi?"

"Mpishi."

"Mpishi gani?"

"Wa hiyo shughuli yenu. Kwani hamna mpishi?"

Akanitazama kama unavyomtazama mbwa wa jirani ambaye hujui anang'ata au hang'ati. "Sisi hatuna mpishi," akasema taratibu. "Na hatutaki mpishi."

Akaondoka bila kuaga. Nikabaki nashangaa: wazee wale safari hii watakula mbichi?

Pantaleo aliporudi nikamweleza, naye hakuelewa. "Watu wote wale bila mpishi? Na ule mlango atauonyeshwa nani?" Asubuhi ya mkutano akauviringisha mwiko wake kwenye gazeti, akasema anaupeleka mwenyewe. Nikafunga cherehani nikamfuata. Mume wangu alikuwa ametangulia alfajiri, na sikuwa tayari kusimuliwa jambo ambalo naweza kulishuhudia.

Tulifika ghalani watu wakiwa kwenye foleni ndefu. Mbele, sanduku letu lilikuwa limewekwa juu ya meza, mgongo wake umegusa ukuta, kufuli linang'aa. Kila anayefika mbele anachomoa kikaratasi, anakikunja, anakidumbukiza kwenye tundu.

Pantaleo akasimama. "Mama Klara," akaninong'oneza, "mbona wanatia karatasi kwenye pilau?"

Hapo ndipo sikio langu lilipozibuka. "Pantaleo," nikamwambia, "ni kura. Mzee alisema kura."

Hatukupata nafasi ya kumwambia mtu. Wapiga kura wa mwisho walikuwa wameshapita, watu wametawanyika kidogo kunywa maji, na Mzee Maganga amekwenda kumwita mwenyekiti aliyekuwa akimaliza muda wake, Bwana Magesa, ili kura zihesabiwe mbele yake. Ghafla tukasikia sauti kutoka pale mezani.

"Lina mlango! Njooni mwone! Sanduku lina mlango nyuma!"

Alikuwa Davis, yule aliyekuwa akishindana na Magesa. Amelivuta sanduku kutoka ukutani, ule mlango wa sahani umefunguka wazi, vikaratasi vinaonekana ndani. Watu wakajaa kama nzige.

Usiombe kuwa mgeni mahali siku kama hiyo. Wa upande wa Davis wakaanza kupiga kelele kwamba Magesa amemnunua fundi. Wa upande wa Magesa, ili wajisafishe wao, wakapiga kelele zaidi kwamba fundi ni tapeli. Mzee Maganga alifika, akatuona, akatunyooshea fimbo.

"Fundi huyu hapa! Na huyu mama ndiye aliyeniambia kuna mpishi! Nikamwambia sisi hatutaki mpishi!"

"Mpishi!" ghala zima likapokea. "Wamepika kula! Mpishi wa kula!"

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Nimekuja kutazama, nimegeuka mpishi. Nikamtafuta mume wangu kwa macho, nikamwona anatazama dari ya ghala kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Badrudin naye alikuwepo, maana chama hununua kwake mabomba ya kupulizia dawa na maturubai. Akajipenyeza mpaka kwa Pantaleo, uso umembadilika. "Fundi, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hawa ndio wateja wangu. Wakikukataa hapa, kesho uwanja wangu uwe mtupu."

Nilimwona Pantaleo akiubana mwiko wake kwapani. Alikwisha kuharibiwa jina machimboni kwa neno la watu, akajenga tena kwa vipande vilivyotupwa, na sasa neno lingine limemfuata. Nyuma yangu mtu akasema, "Si ndiye yule aliyetitisha duara Geita?" Mwingine akajibu, "Ndiye. Aliyejua ndiye aliyefanya." Hadithi ile niliijua. Ilikuwa imevaa nguo nilizoishonea mimi.

Nikapanda juu ya gunia la mbegu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina sauti. "Mzee Maganga! Sema mbele ya watu, uliagiza nini?"

"Sanduku la kula!"

"Mnasikia?" nikawageukia watu. "Amesema kula!"

Wakanitazama. "Ndiyo," akajibu mmoja, "kula. Sasa ulitaka aseme nini?"

"Kura!"

"Si ndiyo hiyo hiyo? Kula!"

"Siyo hiyo hiyo! Moja ya mdomo, moja ya karatasi!"

"Mama wa Pangani ametuletea shule ya Kiswahili," akasema mwingine, wakacheka vibaya. Nikaelewa kwamba ushahidi ninao, lakini mahakama yote haina sikio la kuupokea. Nikashuka kwenye gunia.

Ndipo Pantaleo akafungua gazeti lake.

Alipouinua ule mwiko, walio mbele wakarudi nyuma wakidhani ni silaha. Akaenda mezani, akaushika kwa kichwa, akauchomeka mpini kwenye tundu la kura. Ukaingia wote, laini, bila kubakiza nafasi hata ya uzi, mpaka kichwa cha mwiko kikakaa juu ya mfuniko.

"Jembamba, mkono wa mtu usipite," akasema. "Si ndivyo ulivyoniambia, mzee?"

"Ndivyo."

"Naomba sahani." Akapewa. Akaipitisha kwenye ule mlango wa nyuma, ikapita. "Humo ndani chini kuna duara la mbao. Uliliona?"

"Nililiona," akasema Mzee Maganga, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Nilifikili umeliimalisha."

"Pale hukaa sufuria. Na bati ni la joto. Mzee, nilikuuliza litabeba nini ukasema kula. Nikakutengenezea la kula. Na mpishi niliyemtaka ni wa pilau."

Halafu bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mizani, Zipora, mwenye shamba kubwa kuliko wanaume wengi wa pale, akapiga makofi mara moja. "Jamani! Tumepigia kula kwenye jiko!"

Ghala lilicheka mpaka njiwa wakatoka kwenye paa. Mzee Maganga alijiinamia, akacheka na yeye, akajipangusa macho kwa kofia. Nikadhani yamekwisha.

Lakini Davis hakucheka. "Hata kama," akasema kwa sauti kubwa. "Liwe jiko, liwe kaburi. Lina mlango wa siri, na kura zilikuwa ndani. Aliyeujua mlango ni fundi peke yake. Sasa nani mwizi?"

Na kicheko kikakatika. Niliviona vichwa vikimgeukia Pantaleo tena, kimoja kimoja. Lilikuwa neno lilelile la machimboni, limekuja kwa miguu kutoka Geita.

Nilidhani atakimbia. Mimi ningekimbia. Yeye akaufunga ule mlango, akaligeuza sanduku mgongo ukatazama watu, akaugonga ule ubao kwa kifundo cha kidole, polepole, kama afanyavyo kwa mbao za Adam.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka kuwa mwizi kwa sababu najua kazi yangu. Mtu yeyote aje anionyeshe mlango uko wapi."

Wakaja. Wameshauona umefunguliwa sasa hivi, na bado walipapasa wasiuone. Zipora akavaa miwani, akashindwa. Bwana Magesa akajaribu, akashindwa. Badrudin, anayeishi kwa kuuza bawaba na makomeo, akaupitishia ukucha ubao wote, akatikisa kichwa.

"Huyu Mama Klara huchungulia kila ninachofanya," Pantaleo akasema, na hakuna aliyebisha, "na yeye ulimshinda. Sasa, ndugu Davis. Sanduku lilikuwa juu ya meza, mgongo umegusa ukuta. Wewe mlango uliuonaje?"

"Niliinama kuokota karatasi," akasema Davis.

"Halafu?"

"Nikaona mwanga kwenye ufa."

"Mbao zangu hazina ufa. Watu wote wameangalia." Akamsogelea hatua moja, si kwa ubabe, kwa lile swali lake tu. "Hukuweza kuuona bila kulivuta sanduku. Na hukuweza kuufungua bila kupapasa mpaka pembe ya chini. Ndugu yangu, ulikuwa unatafuta nini mgongoni mwa sanduku la kura, na watu wamekwenda kunywa maji?"

Mkono wa Davis ulikuwa umeingia kwenye mfuko wa koti, na ulikaa humo. Mtu akasema taratibu, "Hebu toa mkono, tuone." Davis akasema ana simu ya haraka. Akatoka nje akiwa ameishika sikioni, akapanda pikipiki yake, akaenda zake. Simu yenyewe hatukuisikia ikiita.

Kilichokuwa mfukoni hakijulikani mpaka leo. Labda vikaratasi, labda leso. Mimi nina yangu moyoni. Tena, kwa kuwa nasema yote, hata Bwana Magesa simwamini. Kicheko chake siku ile kilikuwa kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Kura zikapigwa upya kwa sanduku lilelile, mgongo wake ukitazama watu, na Zipora amekalia kiti nyuma yake na fimbo mapajani. Magesa akarudi kwenye kiti. Baadaye sanduku likapanguswa, sufuria ya pilau waliyopika wanachama wenyewe ikaletwa kutoka jikoni, ikatuama kwenye lile duara bila kuyumba, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chama kile nyama ilifika kwa wenyewe. Pantaleo ndiye aliyesimama nyuma akipitisha sahani. Badrudin alipopokea ya kwake akasema, bila kumtazama machoni, "Nina mabati mazima dukani. Njoo kesho uchukue, paa lako linavuja."

Tulikaa kwenye magunia tukala. Mzee Maganga akapita mbele yetu na sahani yake, mfupa mkubwa juu, akasimama, akamwinamia Pantaleo kichwa.

"Wabeja sana, fundi," akamshukuru kwa Kisukuma. "Si nilikwambia lakini? Sanduku la kula."

Akaenda zake anatafuna. Pantaleo akanisogelea. "Mama Klara," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hapo amesema lipi?"

Nikafikiri. Mimi, mtoto wa Pangani, mwenye sikio la kuwafundisha Kishapu nzima, sikujua. Nikatazama sahani yake, bado ilikuwa imejaa, na nikaangalia watu walioanza kuzungukazunguka karibu na ule mlango wa nyuma.

"Kula," nikamwambia. "Kula upesi, kabla hawajaiba."